Tanuri Lililokandikwa kwa Ajili ya Wageni

Harufu inayonirudisha utotoni si ya maua wala ya chakula. Ni ya udongo mbichi uliokandwa na samadi ya ng'ombe na majivu, ukiwa bado na maji, ukipakwa ukutani kwa kiganja. Asiyeizoea hukunja pua. Kwetu Ufipa harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: kuna mgeni anakuja. Ikitoka kwa jirani wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, hukuuliza kitu. Ikitoka mwezi wa saba, uliuliza ni nani anaposwa. Nyumba haikungoja ibomoke ndipo ipakwe. Ilipakwa kwa heshima ya atakayeingia, udongo wa kawaida kwanza, kisha udongo mweupe kutoka bondeni, na chini kabisa mkanda mwekundu wenye upana wa kiganja, ulionyooka kama umepigwa rula. Wanawake wa kijiji cha bibi yangu waliutambua mkanda wa kila mmoja wao, kama sisi tulivyotambuana kwa mwandiko shuleni. Nayaeleza haya mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu yule bwana aliyekuja kutuhukumu hakuyajua, na hakuuliza.

Kijiji hicho kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini, nilikokuwa nikiishi na wazazi wangu na kusoma shule ya msingi. Nyuma ya nyumba ya bibi, kwenye mteremko wa kilima kisicho na miti, yalisimama matanuri matatu ya zamani ya kuyeyushia chuma. Kwa lugha ya nyumbani tunaliita moja ilungu. Mawili yalikuwa yamebaki nusu, yamefika kifuani kwa mtu mzima. La tatu lilikuwa zima: udongo mtupu, refu kuliko paa la nyumba, pana chini na jembamba juu, na kuizunguka miguu yake matundu yaliyopitishiwa hewa ya kuchochea moto. Chini pote kulitapakaa mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye ncha yaliyobaki baada ya kuyeyusha, ambayo yalitukata nyayo kila tulipocheza huko. Hakuna aliyekuwa hai aliyeliona likiwaka. Lakini majembe yaliyotoka ndani yake yalikuwa bado yapo. Bibi alikuwa na moja nyuma ya mlango, limelika hadi kubaki dogo kama upawa.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu, Mwalimu Oskari, mtu mwembamba aliyevaa sweta moja la kijivu majira yote ya baridi, alitangaza siku ya kufunga shule mwezi wa sita kwamba tukirudi tutafanya ziara ya mafunzo katika mahali pa kihistoria, na kwamba sisi wenyewe ndio tutakaoipanga. Hatukuwahi kupewa jambo la kupanga. Tuliunda kamati, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, nikawa katibu. Nilipewa daftari la jalada la buluu, na kwa miezi miwili sikulitoa mkononi. Niliandika nani atabeba maji, nani atatembea mbele, nani mwenye viatu vizima na nani wa kuazimwa, wimbo wa kwendea na wimbo wa kurudia. Masanja, ambaye wazazi wake walihamia kwetu na ng'ombe wao kutoka upande wa Usukuma, alinidhihaki kila siku.

"Katibu, umeshaandika atakayekohoa njiani?"

"Nimeandika. Ni wewe."

"Basi andika na atakayenipa maji, maana ninyi Wafipa mtaniacha nife mkisubiri kikao."

Mjadala wa mahali pa kwenda ulichukua wiki nzima. Wengine walitaka maporomoko ya Kalambo, ambako hakuna aliyewahi kufika lakini wote walikuwa na habari zake. Masanja alitaka twende Mtowisa, bonde la joto ambako mjomba wake alikuwa na ng'ombe, akidai kwamba ng'ombe wa mjomba wake nao ni wa kihistoria. Mimi nilisimama nikasema kuna tanuri zima nyuma ya nyumba ya bibi yangu, na kwamba ni aibu kwenda mbali kutazama maji yanayoanguka wakati hatujatazama kazi ya mikono ya babu zetu iliyosimama. Nilishinda kwa kura mbili. Mwalimu Oskari alifurahi kuliko wote. Alitueleza kwamba mjini kuna bwana mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, kwamba bwana huyo alilipitia tanuri lile mara moja miaka michache nyuma na akasema limehifadhika kwa namna ya ajabu, na kwamba angekubali kufuatana nasi ili atufafanulie. Tafadhali, msomaji, likumbuke neno hilo, ajabu. Mtaalamu aliona udongo uliopigwa na mvua za Ufipa miaka nenda rudi bila kuanguka, akaona ni ajabu, akarudi kwake.

Niliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kwa mkono wangu, nikainakili mara tatu hadi isiwe na kosa. Nilimweleza siku, saa, idadi yetu, na kwamba tutakuwa na mgeni kutoka mjini, mtu mkubwa na msomi. Mwenyekiti aliisoma barua hiyo kanisani Jumapili, baada ya misa, wakati wa matangazo. Najua kwa sababu bibi aliniambia Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kumsalimia. Nilimkuta amekunja kanga hadi magotini, anakanyaga udongo shimoni pamoja na wanawake wanne, na harufu ile imejaa ua mzima. Mama yake Masanja alikuwa amepeleka ndoo mbili za samadi mbichi, maana zizi lao, lililokuwa nje ya mji kuelekea kijijini, lilikuwa kubwa kuliko yote upande ule.

"Shikamoo, bibi. Unapaka nyumba?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumba gani? Mgeni haji nyumbani kwangu. Anakuja kwa babu yako."

Babu niliyemjua alikuwa amezikwa. Bibi alimaanisha tanuri. Hapo ndipo nilipopata kujua, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, jambo ambalo lilikuwa likitendeka nyuma ya nyumba ile tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kila mwaka, ulezi ukishawekwa ghalani na kabla ya mvua za kwanza, wanawake wa nyumba zile chache walipanda mteremko na kulikandika tanuri: waliziba nyufa, wakapaka udongo wa kawaida, rangi ile ile ya udongo wa zamani, wakashuka. Alifundishwa na mama mkwe wake, naye alifundishwa na wa kwake. Nilimwuliza kwa nini wanawake, maana shuleni tuliambiwa kazi ya chuma ilikuwa ya wanaume. Bibi alicheka hadi akashika kiuno. Akasema ni kweli, enzi za moto mwanamke hakuruhusiwa hata kupita karibu, waliogopa eti chuma kingekataa kutoka. "Moto ulikuwa wao," akasema. "Ulipozimika wakaondoka. Kilichobaki ni udongo, na udongo ni wetu." Ajabu ya mtaalamu, kumbe, ilikuwa na majina, na ilikuwa na ndoo. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanawake wale hawakuisema methali hiyo, waliifanya.

Lakini mwaka ule haukuwa wa kuziba nyufa tu. Mwaka ule barua ilikuwa imesomwa kanisani. Mgeni msomi anakuja, na watoto wa mjini, na wewe umwache babu apokee wageni akiwa na nguo za shambani? Wakashuka bondeni kuchimba udongo mweupe. Nami nilivua viatu nikaingia shimoni nikakanyaga, nikapewa sehemu ya chini ambako urefu wangu ulifika. Nilikandika kuanzia asubuhi hadi jua lilipogeukia magharibi. Jioni tanuri lilikuwa jeupe kutoka kileleni hadi chini, na miguuni lina mkanda mwekundu wa bibi, uliozunguka matundu yote ya hewa bila kutetereka. Karibu na tundu moja kiganja changu kilikuwa kimebaki, na bibi hakukifuta. Alirudi nyuma hatua kumi, akalitazama, akasema sasa anaweza kukaribisha. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nasema hivyo leo nikiwa nimesoma na kuelewa kosa lililokuwamo. Ndiyo, rangi ile haikuwa yake. Ndiyo, waliomjenga babu hawakumvalisha mkanda. Lakini lilikuwa kosa la mwenyeji, na kosa la mwenyeji lina dawa yake: unamketisha, unamweleza. Mvua moja ya Novemba ingeuondoa ule weupe wote na kuacha udongo wa chini ukiwa salama.

Siku ya ziara tuliondoka alfajiri, baridi ikitukata masikio, tukiimba ule wimbo wa kwendea kama nilivyoupanga. Masanja alikohoa, nikampa maji, akasema angalau katibu anatekeleza maazimio. Tulipoizunguka pembe ya kilima tukaliona tanuri, jeupe kama jino, watoto wenzangu wakapiga kelele kwa furaha. Bibi na wenzake walikuwa wamesimama kando kwa safu, wamevaa kanga za kanisani, mikono imekunjwa mbele, na pembeni kulikuwa na togwa kwenye mitungi na mahindi ya kuchemsha. Mtaalamu alikuwa ametangulia kwa gari. Hakuwa amesalimia mtu. Alikuwa akilizunguka tanuri, akilikwangua kwa ukucha, na uso wake umebadilika.

"Nani amefanya huu uharibifu?"

Mwenyekiti alitazama chini. Bibi ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha polepole, akidhani ameulizwa ili ashukuriwe.

"Ni sisi, baba. Karibu. Tunalikandika kila mwaka."

"Kila mwaka?" Aligeuka kumtazama mwalimu. "Umesikia? Kumbe ni mazoea. Wanakiri wenyewe!"

Nimelifikiria jibu lile maisha yangu yote, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Mtu aliyesomeshwa ili aulize maswali alipewa jibu la swali lake kuu, pale pale, bure, na mwenye kujua. Miaka michache nyuma alishangaa kwa nini tanuri halijaanguka. Sasa mwanamke amemwambia kwa nini. Akalisikia kama kukiri kwa mwizi. Aliwaambia wanawake wale, mbele ya watoto arobaini, kwamba ni waharibifu wa mali ya taifa, kwamba ujinga ni mbaya kuliko ugonjwa, kwamba wangeweza kushtakiwa. Aliwauliza kama huwa wanapaka chokaa na makaburi ya wazazi wao. Bibi alijibu kwa unyofu kwamba ndiyo, kila Novemba, na mwenzangu mmoja akacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha bwana yule akaangaza macho, akaona daftari la buluu kifuani pangu.

"Wewe binti, ndiye katibu? Andika majina ya wote waliohusika. Moja, mbili, tatu. Vizuri."

Nikaandika. Ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia kwa sauti. Nilikuwa mtoto mtiifu na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mtu mkubwa ameniagiza. Niliandika namba moja, nikaweka nukta, nikaandika Krisensia, jina la bibi yangu. Wanawake wengine wanne walikuja mmoja mmoja kunitajia majina yao, mmoja akanisahihisha herufi. Orodha ilikuwa na majina matano. Walikuwa sita walioukandika udongo ule, na wa sita alikuwa mimi, na kiganja chake kilikuwa pale ukutani hatua tatu kutoka kwa yule bwana. Nikapiga mstari chini ya jina la tano kwa rula, nikachana karatasi, nikampa. Bibi alinitazama. Alikwenda kwenye mitungi akaanza kuwagawia watoto togwa, maana mgeni ni mgeni hata akiwa amekutukana, na bwana mtaalamu alikunywa vikombe viwili.

Kilichofuata kiliitwa uhifadhi. Kabla mwaka haujaisha walileta nguzo na waya, wakalizungushia kilima, wakasimamisha kibao cha chuma chenye maandishi meupe: ni mali ya umma, ni marufuku kugusa, ni marufuku kuingia bila kibali. Wakaajiri mlinzi, kijana wa pale pale kijijini. Mwaka uliofuata, ulezi ulipokwisha kuingia ghalani, bibi alipanda na ndoo yake ya udongo wa kawaida, usio mweupe, maana alikuwa amesikia na amekubali. Nilikuwa naye. Kijana alitoka kwenye kibanda chake karibu kulia.

"Bibi, nakuomba urudi. Wataniachisha kazi."

"Nyufa zimefunguka upande wa magharibi. Unaziona?"

"Naziona, bibi. Naziona kila siku."

"Basi zizibe wewe."

"Hata mimi siruhusiwi kugusa."

Alisimama ameshika waya kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Kisha akasema, si kwa kijana yule, bali kwa mahali penyewe: "Wanamlinda na nani? Na mimi? Mbona mvua hawajaizungushia waya?" Tukashuka. Udongo ule aliupaka kwenye ukuta wa jiko lake ili usipotee. Aliishi miaka sita zaidi, na kila masika alihesabu kutoka uani kile kinachoanguka: kwanza midomo ya juu, kisha ubavu wa magharibi, ule unaopigwa na upepo. Zamani moto ulipokuwa ukiwaka mwanamke alitukuzwa kwa kukatazwa, wakisema ana nguvu ya kukizuia chuma. Safari hii bibi alikatazwa bila hata heshima hiyo. Nilijaribu mara moja kumwomba radhi kwa ajili ya karatasi. Akaniuliza karatasi gani, na hadi leo sijui kama alisahau au alinisamehe.

Mwezi uliopita darasa la binti yangu lilipanga ziara. Wazazi walinichagua niiratibu, kwa sababu zile zile za zamani: najua kupanga, na mwandiko wangu unasomeka. Mwenda kwao si mtumwa, husema wahenga, lakini ili niende nyuma ya nyumba ya bibi yangu ilinibidi niende ofisini kuomba kibali. Kijana wa mapokezi alikuwa mwema. Alianza na "mambo", akaniangalia vizuri usoni, akairekebisha kuwa "shikamoo, mama." Akaniletea fomu, na ili anithibitishie kwamba mahali penyewe panatambulika, akaniletea na jalada lake. Nililifungua. Karatasi ya tatu kutoka chini ilikuwa ya mistari, imechanwa kwenye daftari, ina majina matano na mstari ulionyooka chini yake. Juu, kwa mwandiko wa mtu mwingine, palikuwa pameandikwa: chanzo cha uharibifu. Taarifa zote zilizofuata, mwaka baada ya mwaka, zilieleza kuporomoka kwa tanuri, na zote ziliirejea karatasi ile. Hakuna hata moja iliyotaja mvua.

Nilikwenda kupatazama kwanza, kama katibu yeyote mwangalifu. Yale mawili mafupi sasa ni vichuguu. La tatu limebaki ukuta mmoja wa upande wa mashariki, unaonifika begani, na lundo la udongo ambamo nyasi zimeota. Nilichungulia kwa kupitia waya nikatafuta mkanda mwekundu, kwa upumbavu tu. Waya una kutu. Kibanda cha mlinzi hakina mlango. Kitu kimoja tu kimetunzwa: kibao. Mzee mmoja wa kijijini aliniambia wanakuja kukipaka rangi kila mwaka, kabla ya mvua. Aliyasema bila kucheka. Tulikuwa na kilima kisicho na kibao wala waya wala jalada, chenye wanawake watano na ndoo, na tanuri lilisimama. Sasa tuna kibao, waya na jalada, na tunawaleta watoto wetu watazame lundo, tuwaambie babu zao walikuwa mafundi, na tusiwaambie kitu kuhusu bibi zao.

Nilirudi ofisini nikajaza fomu. Mahali palipoulizwa lengo la ziara niliandika: kuziba nyufa za ukuta uliobaki, kwa udongo wa kawaida, kabla ya mvua. Kijana alisoma, akakuna kichwa.

"Mama, hapa huwa wanaandika tu 'kujifunza'."

"Ndicho tutakachofanya. Yupo mama mmoja kijijini aliyefundishwa na mmoja wa wale watano. Atatuonyesha."

"Lakini hawatakubali. Wataniuliza nani amehusika."

Nikamwambia fomu ina mahali pa majina. Nikaivuta tena, nikaandika namba moja, nikaweka nukta, na kwa mwandiko ule ule nikaanza na jina langu.